Col de la Cayolle kwa baiskeli: kama unataka mlima wa kusini mwa Ufaransa bila fujo, anza na huu

Wadau, kila ikifika mwezi wa saba Tour de France ikianza kuonyeshwa kwenye TV napata meseji zilezile kutoka kwa watu wetu walioko huku Ulaya, kaka na mimi nataka nipande mlima kwa baiskeli, nianze na Mont Ventoux? Mi jibu langu siku zote ni hapana. Ventoux sikatai ni mlima haswa, una mita 1,910 na ukitokea Bédoin unapanda kilomita 21, lakini kiangazi pale magari ya kambi hayaishi, pikipiki zinakupita masikioni, kila kona kuna mpiga picha anakupiga bila kuuliza alafu anakukabidhi kadi ukainunue picha yako mtandaoni. Mtu wa kwanza kabisa kupanda mlima akienda pale anarudi anachukia baiskeli. Mi naelekeza watu Col de la Cayolle (col ni Kifaransa, pale barabara inapovukia mlima), na leo ngoja niandike yote sehemu moja ili nikiulizwa tena niwe natuma linki tu.

Cayolle iko kusini kabisa mwa Alps. Upande wa kaskazini kuna bonde la Ubaye ambako mji wake ni Barcelonnette, upande wa kusini kuna bonde la mto Var, na hii barabara ndo inayounganisha hayo mabonde mawili ikipita ndani ya hifadhi ya taifa ya Mercantour. Kileleni ni mita 2,326. Ni barabara nyembamba, sehemu nyingine gari mbili zikikutana lazima moja irudi nyuma kidogo, na ndo maana malori na mabasi makubwa hayapendi kupita, na watalii wengi wa magari wanakimbilia Bonette iliyo jirani kwa sababu ile ina bango la kujisifu kwamba ni barabara ya juu kuliko zote Ulaya (si kweli, Hispania kule Pico Veleta lami inaenda juu zaidi, ila waache wajisifu, wanatupunguzia foleni huku kwetu).

Ukitokea Barcelonnette ni kilomita 29 za kupanda. Mji wenyewe uko mita 1,135, kwa hiyo unapanda kama mita 1,200 hivi, ukigawanya unapata mwinuko wa wastani wa asilimia 4. Sa hapa ndo nataka watu wanisikilize vizuri maana hiyo asilimia 4 inadanganya wengi. Kilomita 20 za mwanzo ni mchekea tu, wastani wake haufiki hata asilimia 4, kuna sehemu unasahau kabisa kwamba unapanda mlima, mguu bado mwepesi, unaona vitu vizuri, unabonyeza. Alafu unafika kijiji kidogo kinaitwa Bayasse, nyumba chache tu, na kutoka hapo kilomita 9 zilizobaki barabara inaamka, asilimia 6 kwa wastani na vipande vinavyozidi hapo, na sasa uko juu, hewa imepungua, jua linapiga. Ukifika Bayasse umeshatumia nguvu zako zote zile 9 utazihesabu moja moja. Kwa hiyo ushauri wa kwanza na mkubwa kuliko yote ni huu, mpaka Bayasse nyonga baiskeli kama vile unaona aibu, uwe unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kumaliza sentensi punguza gia.

Kuhusu hewa, Bayasse iko kwenye mita 1,780 hivi, yaani karibu sawa na Nairobi. Na kilele chenyewe kiko chini ya Iten, Iten ni kama mita 2,400. Sa ukiwa umekulia Eldoret au Njombe alafu Mfaransa akakwambia jihadhari na urefu, we mshukuru tu kwa heshima. Lakini kama umekulia Dar au Mombasa na sasa hivi unaishi Marseille au Rotterdam, basi wewe ni mtu wa usawa wa bahari, lala Barcelonnette usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda, mwili uzoee kidogo.

Na Barcelonnette yenyewe inastahili huo usiku. Huu mji una kisa ambacho mtu yeyote wa diaspora atakielewa bila kuelezwa. Karne ya 19 watu wa hili bonde walikuwa maskini, baridi ndefu, wakaanza kuhamia Mexico kufanya biashara ya vitambaa, mmoja anamvuta ndugu yake, ndugu anamvuta binamu, wakatajirika huko, na wengine wakarudi kujenga nyumba kubwa kubwa za kifahari nyumbani ili kila mtu aone kwamba wamefika. Nyumba hizo zipo mpaka leo, villa za Wamexico wanaziita, nyingi zilijengwa kati ya miaka ya 1880 na 1930. Nilipoziona mara ya kwanza nikacheka peke yangu barabarani, nikasema kumbe hii tabia ya kutuma hela mtu akujengee ghorofa kijijini ambako wewe mwenyewe huishi hatukuianzisha sisi.

Haya, turudi kwenye baiskeli. Toka mapema, saa moja asubuhi uwe umeshapanda. Sababu si joto peke yake. Milima hii mwezi wa saba na wa nane mchana mawingu yanajikusanya, ikifika saa tisa saa kumi radi inaanza, na mara nyingine mvua ya mawe, na kule juu hakuna pa kujificha, ni majani na mawe tu. Unataka saa sita uwe umeshafika juu, umepiga picha, umeshaanza kushuka. Pia asubuhi unakutana na magari machache sana. Kama unaweza kuchagua mwezi, mi nachagua nusu ya pili ya mwezi wa sita au mwezi wa tisa wote, watoto wakiwa shule. Kuanzia Julai 14 mpaka Agosti 15 Ufaransa nzima iko likizo na hata Cayolle inapata wageni, sanasana pikipiki za wikiendi. Na msije na akili ya kwamba barabara ipo ipo tu mwaka mzima, theluji inaifunga, kwa kawaida kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi mpaka mwishoni mwa mwezi wa tano au hata wa sita, inategemea na mwaka. Ukitoka mjini utaona bango la barabarani lenye jina la kila mlima, OUVERT ni wazi, FERMÉ imefungwa, usibishane nalo. Kuna asubuhi chache kila kiangazi ambazo wanafunga baadhi ya hizi barabara za milima kwa magari na pikipiki ili wapite waendesha baiskeli tu, ofisi ya utalii wanayo ratiba, ukiipatia tarehe iliyoangukia mlima wako nenda.

Njia haikupotezi. Unatoka mjini kwa barabara ya D902, baada ya muda mfupi pale Uvernet wanaokwenda Col d'Allos wanakata kwa D908, wewe unaendelea na D902 na ghafla unaingia kwenye korongo la mto Bachelard. Hapa ndo penyewe. Mwamba umekuinamia upande mmoja, upande mwingine mto uko chini unanguruma, kuna vidaraja vya mawe unavuka huku unavuka kule, na kivuli kinatosha hata kiangazi. Washa taa ya nyuma, ya kupepesa, maana dereva anayetoka kwenye jua kuingia kwenye kivuli hakuoni kwa sekunde mbili tatu, na hapo barabara haina nafasi ya wewe kuruka pembeni. Sheria inamtaka gari akupite kwa umbali wa mita 1.5 nje ya miji na wengi wa madereva wa huku wanafuata, wanakaa nyuma yako kimya mpaka nafasi ipatikane. Ukiona wamekaa sana nyuma yako, kwenye sehemu pana simama upande wa kulia, wapungie mkono wapite, hupotezi kitu.

Kulia nimesema. Sisi tuliozaliwa Tanzania, Kenya, Uganda tunaendesha kushoto, na ukiwa kwenye msafara au mjini unafuata wenzako huna shida. Hatari inakuja unaposimama peke yako kunywa maji, barabara tupu, hakuna gari dakika ishirini, unapanda tena baiskeli na kichwa kinarudi nyumbani unaanza kwenda kushoto bila hata kujua. Mkiwa wawili mkumbushane kila mkisimama. Dada mmoja wa Bukavu ambaye huwa tunaenda naye, wao Kongo wanaendesha kulia kwa hiyo yeye hana huo ugonjwa, kazi yake ni kunipigia kelele tu, "ndugu yangu, kuume! kuume!"

Maji sasa. Chupa mbili, zote kubwa. Kwenye vijiji kuna mabomba ya mawe, maji yanatiririka siku nzima, baridi ya barafu, lakini soma kibao kwanza, EAU POTABLE ni ya kunywa, EAU NON POTABLE usiguse hata yawe meupe namna gani, maana mara nyingi ni maji ya juu kwenye malisho ya kondoo. Pasipo na bomba tafuta makaburi, sio utani, makaburi mengi ya vijijini Ufaransa yana bomba la watu kumwagilia maua na waendesha baiskeli wote wa zamani wanajua hilo, ila na lenyewe angalia kama lina kibao. Ukitoka Bayasse kwenda juu usitegemee kitu, jaza hapo chini.

Chakula nunua siku moja kabla. Vijijini huku duka linafungwa saa sita na nusu mchana linafunguliwa tena saa tisa au kumi, na Jumatatu unaweza kukuta mji mzima hakuna mkate. Migahawa ikishapita saa nane jiko limefungwa, hata ulie. Kwa ndugu zetu Waislamu, sandwichi inayouzwa kila kona iitwayo jambon-beurre ni nguruwe, agiza ya thon ambayo ni samaki jodari au ya jibini, fromage. Na popote unapoingia sema bonjour kwanza kabla ya kitu chochote, hii nchi ukianza na shida yako bila salamu unaonekana umekosa malezi, kwa hilo hawa watu na sisi tunaelewana kabisa. Mfukoni mwa nyuma mi nabeba tende na kashata za karanga ninazotengeneza mwenyewe, zile jeli za kisasa zinauzwa bei mbaya na tumbo langu halizitaki. Kula kidogo kila nusu saa hata kama husikii njaa, ukisubiri njaa ije umechelewa.

Baiskeli haihitaji kuwa ya bei. Kinachohitajika ni gia nyepesi, meno 34 mbele na 32 au 34 nyuma, ukiwa na hiyo unapanda Cayolle umekaa kwenye siti muda wote. Ukikodi Barcelonnette, kabla hujatoka dukani geuza pedeli ujaribu gia zote, bonyeza breki zote mbili mpaka mwisho uone zinashika wapi, mi nimeshapewa baiskeli ya kukodi (duka la mji mwingine kabisa) ambayo breki ya nyuma ilikuwa pambo. Ya umeme pia ruhusa, wala usione haya, ila kwenye sehemu ya chini iache kwenye msaada mdogo kabisa, betri uitunzie zile kilomita 9. Beba tyubu mbili za akiba, pampu, vile viplastiki vya kubandulia tairi, na kiungo kimoja cha cheni. Ramani ipakue kwenye simu kabisa kabla hujatoka maana kwenye korongo mtandao unakata, na namba ya dharura ni 112.

Kaptula iwe ile yenye sifongo na usivae chupi ndani, watu wanaona aibu kuuliza alafu wanarudi wamechubuka. Mafuta ya mgando yanatosha, paka huko na paka midomoni. Na jamani hii habari ya kwamba ngozi nyeusi haiungui na jua muiache, kwenye mita 2,000 na zaidi saa sita mchana inaungua vizuri tu, paka krimu ya jua shingoni na masikioni.

Baada ya Bayasse miti inaanza kuisha na sasa unaanza kuzisoma zile nguzo. Kwenye hii milima wameweka kila kilomita kijiguzo pembeni ya barabara, kinakuambia zimebaki kilomita ngapi, uko mita ngapi, na kilomita inayofuata ina mwinuko wa asilimia ngapi. Kuna wanaovipenda, kuna wanaosema vinavunja moyo. Mi ushauri wangu kisome kile cha asilimia tu, ukiona 5 kunywa maji na ule, ukiona 7 au 8 shuka gia mapema kabla mguu haujaanza kulalamika. Hapo ndo utasikia miluzi, utadhani kuna mtu anakuita. Ni marmoti, mnyama mnene wa manyoya wa jamii ya kindi, mmoja anasimama kwa miguu ya nyuma juu ya jiwe anapiga mluzi kuwaonya wenzake kwamba umekuja, wengine wote wanatumbukia mashimoni. Ukisimama ukatulia dakika mbili wanatoka tena mmoja mmoja, kwanza pua, alafu kichwa, wanakukagua. Usiwape mkate, ni hifadhi, na sheria zake ni kweli sio mapambo, mbwa haruhusiwi, droni hairuhusiwi, maua usichume, moto usiwashe.

Kitu kimoja cha kuogopa kidogo huko juu ni mbwa wa kondoo. Mbwa mwitu wa Ulaya walionekana tena Ufaransa mwaka 1992, na ni humuhumu Mercantour, inasemekana walivuka wenyewe kutoka Italia, kwa hiyo wachungaji wakaleta mbwa wakubwa weupe wanaitwa patou wakae na kondoo usiku na mchana. Patou hakujui na hajali kama wewe ni mtalii. Ukikuta kundi la kondoo barabarani shuka kwenye baiskeli, ivute katikati yako na mbwa, tembea taratibu ukizunguka kundi, ongea kwa sauti ya kawaida, usimkazie macho, usimtupie jiwe, na ukitaka kukimbia kumbuka yeye ana kasi kuliko wewe. Anabweka, anakufuata mita kadhaa, anaridhika, anarudi kazini kwake.

Kileleni hakuna mgahawa wala duka la fulana, mi hiyo napenda. Kuna alama ya mawe, bango, na mpaka wa mikoa miwili, Alpes-de-Haute-Provence umetoka nayo, Alpes-Maritimes unaingia. Kabla ya picha vaa. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6, sa hapo umelowa jasho na upepo unapita, dakika kumi tu meno yanagongana, na mikono ikifa ganzi breki utaibana na nini? Jaketi jepesi la upepo na glovu za vidole vyote vikae mfukoni hata kama chini ulitoka na joto la kuchoma. Wazee wa zamani walikuwa wanaingiza gazeti chini ya jezi kifuani, na bado linafanya kazi.

Kushuka ndo kunakoumiza watu, kupanda hakujawahi kumuumiza mtu. Funga breki kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, alafu iachie unapoingia, angalia kule unakotaka kutokea na sio shimo unaloliogopa. Usizishike breki muda wote mfululizo, bana, achia, bana, achia, zipumue. Kona zisizoonekana kaa kulia kabisa, kwa sababu barabara hii haina mstari katikati na kuna mtu anapanda na gari akidhani yuko peke yake duniani. Angalia changarawe zilizoporomoka, na kinyesi cha kondoo kikiwa kibichi kinateleza kweli kweli.

Sasa ushuke upande gani? Ukiwa umeacha vitu hotelini rudi Barcelonnette ulikotoka, kilomita 29 za kushuka, saa nane uko kwenye kivuli na kitu baridi mkononi. Ukiwa umebeba mizigo yako yote endelea kusini, na kwa macho upande huu ndo mzuri zaidi. Kilomita chache chini ya kilele unafika Estenc, hapo ndo chanzo cha mto Var, kijito tu mtoto anaweza kuruka, na mtakuwa mnashuka wote sambamba mpaka Entraunes na Saint-Martin-d'Entraunes hadi Guillaumes. Huo mto unamalizikia baharini pembeni ya uwanja wa ndege wa Nice. Na kichekesho ni kwamba kuna mkoa Ufaransa unaitwa Var ila mto Var haupiti huko, mwaka 1860 walichora mipaka upya baada ya Nice kuwa ya Ufaransa, mto ukabaki nje, jina likabaki.

Wenye miguu ya chuma kutoka Saint-Martin-d'Entraunes wanakata kwenda Col des Champs, mita 2,087, wanashukia upande wa pili alafu wanarudi Barcelonnette kwa Col d'Allos, mita 2,247. Mzunguko huo wa milima mitatu ni kama kilomita 120 na zaidi ya mita 3,000 za kupanda kwa siku moja. Mtu wa mara ya kwanza hilo asiliguse.

We shuka Guillaumes, lala, na kesho yake asubuhi pita korongo la Daluis kuelekea Entrevaux, mawe yake mekundu kabisa, rangi ya udongo wa Moshi, kuna vihandaki vidogo vingi kwa hiyo ile taa ya nyuma usiizime. Entrevaux kuna treni ndogo ya reli nyembamba, Train des Pignes, inayotoka Digne-les-Bains kwenda Nice. Ila piga simu siku moja kabla uulize mambo mawili, kama treni inatembea kweli siku hiyo au wameweka basi badala yake, na kama baiskeli inapandishwa. Wakisema hapana, kutoka Entrevaux mpaka Nice barabara inafuata mto na inashuka karibu muda wote, ila ni barabara kuu yenye magari mengi, hapo toka alfajiri.